Pumzi ya Sindano Katika Albamu ya Pili

Ndugu zetu, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi wengi mliomjua kwa sauti tu, familia imekubaliana kwamba haya yasomwe kama yalivyokuwa, kwa sababu tangu Jumatano mengi yameshasemwa na watu ambao hawakuwepo, na mama yake hataki mtoto wake azikwe kwa maneno ya kupamba.

Marehemu, ambaye wote mlimwita Sindano, alizaliwa nyumbani alfajiri ya tarehe 14 Machi 1988, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mama mshona sare za shule na baba dereva wa lori, ambaye alishatangulia. Mkunga alisema mtoto huyu amemeza tarumbeta, na majirani waliotenganishwa nao kwa ukuta mmoja hawakuhitaji kuambiwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1995, na alipofika darasa la tatu aliugua koo, koo likapona, kisha magoti na viwiko vikavimba, navyo vikapona, ila daktari wa watoto akamwambia mama yake kwamba wa kuchungwa sasa ni moyo, akamwandikia mtoto sindano ya kila mwezi mpaka awe mtu mzima. Huko ndiko lilikotoka jina, si kwenye ukali wa sauti kama magazeti yanavyopenda kuandika. Wenzake walimwona akirudi darasani anachechemea, wakamwimbia, "Sindano, Sindano, kalia upande mmoja," naye badala ya kulia akawapokea kiitikio. Alimaliza sekondari mwaka 2006, na mwaka huohuo akaziacha sindano zenyewe kabla ya wakati, kwa uamuzi wake, akimwambia mama yake, "Mama, mimi si mgonjwa, nina jina la mgonjwa tu."

Mwaka 2009 aliajiriwa katika kitengo cha huduma kwa wateja kwa simu cha kampuni ya maji, chumba kirefu kisicho na dirisha, ambamo meza zilitenganishwa kwa mbao zilizofunikwa kitambaa cha kijivu, na upande wa pili wa ubao wake alikaa dada mmoja mwenye sauti nzito, ambaye yuko hapa mbele yetu leo, na ambaye wote tunamwita Zege. Kati ya mteja mmoja anayetukana na mwingine, Sindano alianza mstari chinichini, Zege akaumalizia, na walipoanza kwenda studio wakagundua kwamba wakitazamana wanacheka tu, hawaimbi, basi wakaomba wawekewe ubao katikati. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 2018, iliimbwa hivyo, ikapendwa kuliko walivyotarajia, na waliosema wamebahatisha hawakuwa wachache.

Tarehe 7 Septemba 2013 alifunga ndoa na fundi friji, aliyekuja kutengeneza friji ya ofisini kwao, kisha akarudi mara kadhaa kuitengeneza ikiwa nzima, na walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2015 na mvulana aliyezaliwa mwaka 2021.

Katika historia za namna hii huandikwa kwamba marehemu aliugua ghafla. Hakuugua ghafla. Baada ya kumzaa mtoto wa pili, ngazi za ofisini zilianza kumshinda, akawa anajifanya anasoma matangazo ukutani ili apate kupumua, na daktari wa moyo alipompima akamwonyesha kwenye skrini mlango mmoja wa moyo uliokakamaa, akamwambia ni upasuaji, na mapema. Aliuliza kama anaweza kumaliza kwanza albamu ya pili. "Kuimba utaimba," daktari alimjibu, "ninachotaka kujua ni kama utakubali kuacha." Akaahidi, akaahirisha, akaahidi tena, mpaka ikapangwa tarehe 6 Mei mwaka huu, na akamwapisha mumewe asimwambie Zege, kwa kuwa albamu ya pili ndiyo ingeonyesha kama ile ya kwanza ilikuwa kazi au bahati, na jambo hilo alilitaka kama alivyotaka kupona, akiamini atayapata yote mawili.

Walianza kurekodi mwezi Januari, na yaliyofuata ni vigumu kuyasoma, maana kila dalili ilipigiwa makofi. Alikonda, watu wakasema amependeza. Sauti ikakwaruza, prodyuza akasema sasa imeiva. Mistari aliyokuwa akiivuta kwa pumzi moja akaanza kuikata mara mbili, kisha mara tatu, na mtangazaji mmoja aliyesikilizishwa wimbo wa nne akasema huo ni mtindo mpya. Nyumbani alilala ameketi, mito imejaa mgongoni, akidai anapitia mashairi. Zege alisikia kiti kikiburutwa ng'ambo ya ubao, akauliza, "We bibi kizee, siku hizi unaimba umekaa?" naye akajibu, "Nyota hukaa, shoga, wanaosimama ni waitikiaji," wakacheka, wakaendelea. Ubao uleule uliowakutanisha ndio uliomficha.

Jumatano tarehe 24 Aprili, jioni, zikiwa zimekamilika nyimbo tisa, walikuwa wakirekodi wimbo wa kumi, ambao ni wa kupokezana. Zege aliimba ubeti wake, Sindano akajibu. Akaimba wa pili, akajibiwa nusu. Akaimba wa tatu, akasubiri, na ala zikaendelea peke yake masikioni mwao. "Haya malkia, tunakungoja," alisema Zege, akidhani ni utani wake wa kila siku, na prodyuza kutoka nyuma ya kioo akasema, kwa furaha ya kweli, "Acheni hivyohivyo, huo ukimya ni mtamu." Zege akatii, akanyamaza, mpaka ala zikaisha. Alipozunguka ubao alimkuta ameegemeza kichwa kwenye stendi ya mashairi, macho wazi, na hospitalini, pamoja na juhudi zote, hakuamka tena.

Siku iliyofuata prodyuza alikuja kwa mama yake, akaomba wimbo wa kumi utoke kama ulivyo, na ukimya wake, kwa sababu mashabiki watalia. Mama alimuuliza, "Baba, hapo unapopaita patamu, unajua mwanangu alikuwa akifanya nini?" Kwa hiyo familia, pamoja na Zege, imeamua kwamba albamu itatoka na nyimbo tisa, pumzi zake zisisafishwe, kwa kuwa hizo aliziimba, aliziimba vizuri, na asitokee mtu akaziita bahati. Wimbo wa kumi ulifutwa jana mbele ya mumewe.

Tunawashukuru daktari wa moyo na wauguzi, ambao walisema kweli mapema. Majirani, ambao hawajalala. Wafanyakazi wenzake wa kampuni ya maji, waliochangia bila kupiga picha. Na prodyuza pia, ambaye ameleta viti hivi mlivyokalia.

Tungeishia hapo, lakini asubuhi ya leo tumeambiwa kwamba nakala ya wimbo wa kumi ilitoka studio kabla haujafutwa, inapita simu hadi simu, na kwamba baadhi yenu mlioketi hapa mmeshaisikiliza mkiwa njiani kuja. Hatuulizi ni nani. Tunasema tu kwamba binti yake ana miaka minane, anajua kusoma, anajua kuandika jina la mama yake kwenye simu ya yeyote atakayemwachia, na tangu juzi anazunguka kwa wageni, mmoja baada ya mwingine, akiomba simu acheze kidogo.

Wewe Sindano, lala kwa amani, kazi yako umeimaliza. Simu hizi tuachie sisi.