Mwalimu Selina Qamara na Salamu ya Hatua Tatu

Tarehe 30 Juni 2026 Mwalimu Selina Qamara anastaafu, baada ya kuutumikia ualimu miaka thelathini na mitano. Walimu wenye mvi wote wamekwepa kuandika wasifu huu, kila mmoja akidai yuko kamati ya mapochopocho. Kalamu imeniangukia mimi, Nashilu Ngoitiko, mwalimu wa kujitolea na mgeni kuliko wote ofisini. Nimefurahi mpaka nimeharibu karatasi tatu.

Mwalimu Selina alizaliwa Qurus, akaanza kazi Endamarariek mwaka 1991, kisha akahamia shuleni kwetu hapa Karatu mjini. Amefundisha Biolojia kwa watoto ambao leo ni wauguzi, madereva wa watalii na mchungaji mmoja ambaye mpaka leo anamwogopa. Madaftari huyasahihisha akiwa amesimama, maana anadai akikaa tu huruma humpanda na maksi nazo zinapanda.

Machi 2020 korona ilipofunga shule, sisi wanafunzi wake, maana wakati huo nilikuwa mmoja wao, tulishangilia likizo. Furaha yetu haikudumu. Mwalimu Selina na Mwalimu Abdulmajid wa Jiografia walijitolea kutufuata nyumbani, kijiji kwa kijiji, wakiwa na sabuni, kamba na madumu ya kutengenezea vibuyu chirizi vya kunawia mikono. Amri ya Mwalimu Selina ilikuwa moja: unawe mikono kwa muda wa kutaja safari yote ya chakula tumboni, tena kwa Kiingereza. Mwaka ule hakuna aliyekosa swali la mmeng'enyo wa chakula.

Barakoa zilishonwa na Bi Mwanamisi, fundi wa sokoni, kutoka khanga za Mwalimu mwenyewe. Bi Mwanamisi alikata kitambaa bila kusoma maandishi, na bahati mbaya khanga moja ilikuwa ya kuwasema majirani. Makamu mkuu wa shule alivaa barakoa yake wiki nzima bila kujua kwamba mbele imeandikwa MIDOMO. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Ila mwana kulitafuta, mwana kulipata. Walipofika kwetu Endulen, Mwalimu alituagiza tusimkaribie mtu, na mtu asitushike. Hakuuliza kwanza tunasalimianaje. Kwetu mtoto humwinamia mzee, na mzee humwekea kiganja kichwani. Bila hivyo hujasalimia. Nasi tulivyokuwa watiifu! Kila mzee aliponyoosha mkono, tuliruka nyuma. Babu yangu, Mzee Ngoitiko, aliachwa mkono ukining'inia hewani mbele ya wageni wake.

Wazee wakakaa kikao. Shule inayomfundisha mtoto kumnyima mzee kichwa, wakaamua, haitampata mtoto wetu tena. Tulikuwa wasichana kumi na mmoja wa Kidato cha Nne, mtihani wa taifa uko Novemba, shule zinafunguliwa tarehe 29 Juni. Msichana akishaachishwa shule, posa haichelewi, na yangu ilikwisha kutajwa. Nililia mpaka mama akanificha kwa shangazi.

Habari zilipomfikia Mwalimu Selina, hakuandika barua. Alipanda pikipiki nyuma ya Mwalimu Abdulmajid, tairi likapasuka njiani, akamaliza safari kwa miguu. Alifika amejaa vumbi hata nyusi hazionekani. Hakuwahutubia wazee habari za virusi. Aliomba radhi waziwazi, akakiri kwamba amekosa adabu kwa watu wazima wenzake, kisha akamwomba babu yangu amfundishe yeye: mtoto atamwinamiaje mzee bila kuguswa?

Mzee Ngoitiko alinusa ugoro, akafikiri, akaagiza niitwe kutoka kwa shangazi. Akanisimamisha hatua tatu mbele yake, nikainama. Akainua kiganja, akakishusha polepole hewani, kama anayepima urefu wa mahindi, na kutangaza kwamba salamu imefika. Wazee wakacheka. Ndipo Mwalimu Selina, mwanamke wa miaka hamsini na minne, mama wa watoto wanne, akaja akasimama pale pale nilipokuwa nimesimama na kuinama na yeye. Kicheko kilizimika. Babu alichelewa kidogo kuinua mkono, kwa sababu alikuwa akifuta macho.

Jumatatu ile ya kufungua shule tulishuka Karatu wote kumi na mmoja, hakuna aliyebaki. Salamu ya hatua tatu ikaenea njia nzima, hata wenye maduka mjini wakaijaribu, na Mwalimu akaiandika kwenye mwongozo wa walimu wa kujitolea, jina la mbunifu likiwa Mzee Ngoitiko. Kanuni ya kwanza ya mwongozo huo inamtaka mwalimu aulize kabla ya kufundisha. Ameiandika kwa wino mwekundu, kama anavyosahihisha kosa, na kosa lilikuwa lake.

Mwalimu, asante. Walimu wote, wanafunzi wote na kamati ya mapochopocho tunakuombea afya, mvua za kutosha Qurus na usingizi usio na kengele. Posa ile ilirudi ilikotoka, nami nikaenda chuo. Shule zikifunguliwa Julai, vipindi vyako vya Biolojia, Kidato cha Nne, nitaingia mimi.