Mkasi wa Shamsia na Mkwaju wa Koponi

Kijiwe chetu kipo Kibiti, hatua chache kutoka barabara ya Lindi, katikati ya cherehani yangu na banda la Ally anayetengeneza baiskeli na pikipiki. Benchi ni moja tu, refu, mguu wake mmoja ni matofali mawili. Kahawa ni ya Faraji, na Faraji hamimini kahawa bila kutia neno. Ally tunamwita Spana. Mzee Mwinyimvua tunamwita Hakimu, maana alikaa baraza la kata miaka mitatu na mpaka leo hajaacha kuhukumu. Mimi fundi nguo, wananiita Sindano. Wa tano ni Khamisi, Mzee Kopo, na habari hii ni yake.

Mzee Kopo na mkewe, Mwanahawa, walikuwa wakulima wa bondeni, upande wa Umwe. Mafuriko yalipobeba nyumba yao walitoka na binti yao, godoro moja, na kopo la mafuta ya kupikia lenye mti wa mkwaju. Mwanahawa aliupanda humo miaka kumi na moja iliyopita, akawa anachuma majani machanga ya kutia uchachu kwenye samaki. Kwa kuchumwachumwa na kubanwa mizizi, mti haukupanda juu. Unaishia gotini, lakini shina lake nene kama kifundo cha mkono, na gome limepasuka kizee kabisa. Sasa wamepanga chumba nyuma ya banda la Spana. Chumba hakina jua, kwa hiyo kila asubuhi Mzee Kopo analeta mti kijiweni, jioni anaurudisha.

Mwaka huu binti yao Warda alijifungua kule Ikwiriri, Mwanahawa akaenda kumlea arobaini nzima. Alimwachia mumewe maagizo mawili: asikose dawa ya presha, na asiusahau mti.

Wiki ya pili sote tuliingia msikitini adhuhuri. Tuliporudi tukamkuta mbuzi kasimama kwa miguu ya nyuma, anatafuna. Tawi kubwa la mkwaju lilikuwa limevunjika, limebaki gutu lenye vijinyuzi, na utepe wa gome umechanika kushuka chini. Mzee Kopo hakumfukuza mbuzi. Alikaa tu.

Siku tatu hakunywa kahawa. Gutu likaanza kuwa jeusi.

— Kata kwa panga, yaishe, Spana akamwambia.

— Nilikata mndimu kwa panga kule bondeni. Gutu likaoza, uozo ukaingia moyoni, mti ukafa umesimama. Huu si wangu, Ally. Huu wa Mama Warda.

Siku ya nne akapita dada mmoja mwenye mkoba begani. Akatuamkia, akamkabidhi Spana kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

— Kaka, kimeshika kutu kwenye kiungo. Nitilie mafuta, naenda sokoni narudi.

Hatujauliza, keshavuka barabara. Spana akakifungua. Kilikuwa chuma cheusi chenye mikono mirefu kama koleo, lakini mdomo wake mfupi, wa mviringo, makali mawili yanakutana kama mdomo wa kasuku.

— Koleo la waya hili, Spana akasema.

— Koleo gani halishiki, linang'ata tu? Faraji akamjibu. Lilete hapa.

— Kimya, Hakimu akasema. Hicho chombo cha hospitali. Cha kung'olea magego.

— Mzee, gego linang'olewa zima, Spana akasema. Hiki kitalikata katikati, ubaki na nusu na maumivu yote.

— Basi cha magego ya ng'ombe.

Faraji akaweka birika chini. Tukajua inakuja.

— Sikilizeni. Hicho kinatoka hifadhini, juu ya Ngarambe huko. Cha kukatia kucha za tembo.

— Tembo akatwe kucha ili iwe nini? nikauliza.

— Atembee bila kelele! Watalii wanalala kwenye mahema, bwana. Wamelipa. Hawataki kuamshwa.

— Wewe Faraji umemwona tembo lini?

— Nimemsikia. Kabla hajakatwa.

Spana alikuwa ameshamaliza kutia mafuta, anakifungua na kukifunga, chap, chap. Uso wake ukabadilika.

— Mnajua nini? Hii mashine ya watu wa mjini. Chini ya bahari kuna waya wa intaneti. Kuna wazamiaji kazi yao kuung'atang'ata kidogokidogo. Unanunua bando asubuhi, adhuhuri limekwisha hujatazama hata mpira. Linakwenda wapi? Linavujia baharini, mwanangu! Samaki wanakula bando letu.

— Ndiyo maana siku hizi kambare hawana ladha, Faraji akasema.

— Kambare wa mtoni, si wa baharini, nikamsahihisha.

— Mto unakwenda wapi?

Hakimu akainua kidole.

— Baraza limesikia pande zote. Chombo ni cha magego, lakini kinaweza kutumika baharini.

Wakati wanabishana nilikichukua nikajaribu kwenye kijiti kibichi cha mwarobaini, pale ubavuni panapotoka kitawi. Kilikata laini kama papai. Na pale kilipokata hapakubaki gutu. Palibaki kishimo kidogo, kama kijiko kimechota ugali. Nikamsogezea Mzee Kopo. Akakipapasa kile kishimo kwa kidole gumba.

Yule dada akarudi na mfuko wa bamia.

— Bibi, tunaomba utuamulie, Hakimu akasema. Hiki ni cha meno au cha baharini?

Akacheka mpaka akaweka mfuko chini. Jina lake Shamsia, mtu wa Dimani. Miaka sita alifanya kazi Dar, kwenye bustani ya mama mmoja wa Kijapani anayelea miti midogo kwenye vyungu, wenyewe wanaiita bonsai. Mama yule alipokuwa anarudi kwao alimgawia Shamsia mkasi mmoja.

— Wa kukatia matawi tu? Spana akauliza, moyo umemvunjika.

— Wa kukatia tawi lililo kwenye shina. Mkasi wa kawaida, kaka, ubapa mmoja unapita ubavuni mwa mwingine, kwa hiyo lazima uache kigutu. Gome haliwezi kupanda juu ya kigutu, kinaoza. Huu unaingia ndani kidogo, unaacha shimo. Gome likikua linajaza shimo, mwisho panakuwa sawasawa, hata hujui palikuwa na tawi.

Mimi nilimwelewa upesi kuliko wote. Nina mikasi minne dukani, na ule wa kutobolea matundu ya vifungo umeachwa pengo nyuma ya makali, usiguse ukingo wa nguo. Aliyeubuni alikuwa ameshaharibu nguo ya mtu. Na aliyebuni huu wa Shamsia, nikasema, alikuwa ameshaua mti aliokuwa akiupenda.

Hapo Mzee Kopo akasimama. Akainua kopo kwa mikono miwili, akaliweka mbele ya Shamsia.

— Mwanangu, mbuzi.

Shamsia akachuchumaa. Aliuzunguka ule mti taratibu, akagusa shina, akagusa mizizi iliyotokeza juu ya udongo.

— Baba, nani kakufundisha kulea hivi?

— Si mimi. Mke wangu. Anachuma mboga.

— Kule Dar watu wanalipa mwalimu wapate shina kama hili.

Hakimu akakohoa.

— Nina pingamizi. Mwenye mti hayupo. Asubiriwe.

— Ukisubiri, Shamsia akasema kwa upole, weusi utaingia. Bado haujafika mbali.

Tukamtazama Mzee Kopo. Miaka kumi na moja ya Mwanahawa ilikuwa humo koponi, na vitu vingine vyote walivyokuwa navyo vilikwenda na maji.

— Kata, akasema. Akigomba, atagomba na mimi.

Shamsia alifuta makali kwa kitambaa. Akapunguza gutu kwanza, kidogo, kidogo tena. Halafu akaulaza mdomo wa mkasi kwenye shina, akakaza mikono. Chap. Kipande cheusi kikaanguka, chini yake ukaonekana mti mweupe, safi. Mzee Kopo alikuwa amefumba macho.

— Mna nta?

Ninayo siku zote, ya kupakia uzi. Nikampa. Akailainisha viganjani, akaziba jeraha mpaka ukingoni, akausawazisha na ule utepe wa gome uliochanika.

— Usiuondoe kwenye jua. Maji kidogo. Na mbuzi.

— Mbuzi nitamalizana naye mimi, Hakimu akasema.

Mzee Kopo alifumbua macho, akalitazama jeraha. Kisha akanyoosha mkono kwa Faraji, akanywa vikombe vitatu mfululizo bila kupumzika.

Arobaini ikaisha, Mwanahawa akashuka kwenye gari la Ikwiriri na kikapu kichwani. Hakusalimia kijiwe. Alikwenda moja kwa moja kwenye kopo. Nta ilikuwa imeshabanduka, na kuzunguka lile jeraha gome jipya lilikuwa limejikunja kuingia ndani, jekundu, kama midomo inayotaka kufumba.

— Baba Warda, hapa palikuwa na tawi.

— Palikuwa nalo.

— Nani kakata?

Sote tukatazama barabarani. Mzee Kopo akamweleza yote, mbuzi, mndimu, Shamsia, mkasi, hakuficha hata kidogo. Mwanahawa alipitisha kidole pale, mara mbili.

— Huyo mwana ana mkono, akasema. Ungekata wewe ungeniulia mti wangu. Warda anakusalimu. Mtoto kafanana na wewe, masikini, masikio yote mawili.

Mzee Kopo akacheka, nasi tukacheka, na Faraji akampa Mama Warda kikombe cha kwanza. Siku hiyohiyo Mwanahawa akachukua namba kwa Spana, akamtumia Shamsia ujumbe aje Ijumaa, amfundishe kukata kwa mkasi badala ya kuchuma kwa vidole.

Pale mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, anangoja gari la Utete. Muda wote alikuwa anasikiliza, anautazama mti.

— Mzuri kweli, akasema. Mtaupanda chini lini?

Spana akainamia gurudumu. Mzee Kopo akamtazama mkewe, na Mwanahawa akatazama kopo, kikombe kikiwa mkononi. Bondeni hawarudi tena, na hapa chumba ni cha kupanga, hata hatua moja ya ardhi si yao.

Gari la Utete likapiga honi. Yule mama akaaga, akaenda zake.

— Faraji, Mwanahawa akasema baadaye, niongeze.

Faraji akalitikisa birika. Lilikuwa limebaki mashapo tu.