Sahani Zilirudi Tupu

Mpishi: Haloo? Mama, uko peke yako hapo?

Bibi: Haloo? Ni nani? Sema kwa nguvu, simu inakwaruza.

Mpishi: Ni mimi, mama. Mwanao. Shikamoo.

Bibi: Marahaba, mpishi wangu! Saa hizi hauko jikoni? Nani anawapakulia hao watu wa kiwandani?

Mpishi: Nimeomba ruhusa. Niko hospitali na mjukuu wako. Ameanguka tena mstarini, shule wakasema asirudi mpaka aonwe na daktari.

Bibi: Ameanguka! Jamani, kibonge wangu—

Mpishi: Usimwite hivyo, mama.

Bibi: Si jina la mapenzi? Tangu yuko mgongoni—

Mpishi: Najua. Usimwite tu. Sikiliza, nimetoka mara moja, niko kwenye korido. Yeye kakaa upande wa pili wa kioo, ananitazama midomo.

Bibi: Basi geukia ukutani.

Mpishi: Nimegeuka. Mama, daktari anaweza kukupigia. Akikuuliza, mwambie likizo ile alikula vizuri kwako.

Bibi: Kwa nini aniulize mimi? Akuulize wewe uliyezaa.

Mpishi: Ameshaniuliza! Anasema mtoto kajibu ya kwake, sasa anataka ya nyumbani. Ati ugonjwa wenyewe ndio unaomfundisha mtoto kujificha, kwa hiyo anayekaa naye ndiye macho ya daktari. Nikamwambia anakula. Asubuhi, mchana, jioni. Akaniuliza polepole: "Mara ya mwisho kumwona akimeza ni lini?"

Bibi: Akimeza?

Mpishi: Akimeza, mama. Si sahani. Ndipo nikasema, muulizeni bibi yake. Si wewe mwenyewe ulinipigia ukaniambia sahani zinarudi tupu?

Bibi: Zilirudi tupu, ndiyo.

Mpishi: Basi sema hivyohivyo. Utakuwa hujadanganya.

Bibi: [kimya]

Mpishi: Haloo? Mtandao umekata?

Bibi: Mtandao upo. Mwanangu, kuku wangu wamenenepa mwaka huu.

Mpishi: Mama! Nakueleza habari za mtoto, wewe unaniletea kuku?

Bibi: Yule jogoo mwekundu hata kuruka ua hawezi tena. Anatembea kama mzee aliyetoka karamuni. Mkate wangu, mayai yangu, maharage niliyoyachambua na miwani puani, moja moja—

Mpishi: Ulimwona?

Bibi: Mlango wa nyuma. Anamega vipande vidogo vidogo, anawagawia kama mwalimu: hiki chako, hiki chako, wewe mkorofi subiri. Hakuna kuku aliyekosa. Halafu akafuta vidole kwenye sweta. Sweta zito lile, kwenye jua lile.

Mpishi: Na hukuniambia!

Bibi: Aliniapisha. "Bibi, mama akijua atavunjika." Nikaapa. Tangu siku ile neno limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mpishi: Mimi kaniambia leo, tukishuka mlangoni hapa. "Ukisema lolote mbele ya daktari, sitakuita mama tena." Hakupaza hata sauti.

Bibi: Loo! Katufunga sisi wawili kwa kamba moja, huku na huku.

Mpishi: Unacheka?

Bibi: Nacheka nini? Na mwenyewe yuko katikati ya hiyo kamba.

Mpishi: Nikisema watamlaza, na atanichukia. Nikinyamaza narudi naye kwenye meza ileile, tutazamane. Na watu je? Mimi nalisha kiwanda kizima, mama! Wanaume wazima wanagombania ukoko wangu. Halafu mwanangu mwenyewe— Nywele zake zinazonyonyoka nazitoa kwenye kitana, nazitia mfukoni mwa aproni, baba yake asizione.

Bibi: Kumbe uliona.

Mpishi: Niliona.

Bibi: Mwanangu, mficha maradhi—

Mpishi: Usimalizie! Nakuomba, mama. Usimalizie hiyo methali.

Bibi: Haya. Simalizii.

Mpishi: [kwa kunong'ona] Nesi anagonga kioo. Wananiita. Nifanyeje?

Bibi: Usikate simu. Ingia na mimi.

Mpishi: Salio lenyewe limebaki kidogo—

Bibi: Basi kaza mwendo!

[Mlango. Kiti kinaburutwa.]

Mpishi: Samahani, daktari. Huyu kwenye simu ni mama yangu, naiweka hapa mezani sote tusikie. Yale niliyosema mwanzo... futa. Sahani naziona tupu. Kumeza sijamwona, sijui tangu lini— Mwanangu, usinitazame hivyo. Usiniite mama, sawa. Niite mpishi, kama wanavyoniita wengine. Nitasema tu. Daktari, nampikia, naye hali chakula. Hali kabisa. Na mimi nalala nimeshika mkono wake, nasikiliza kama anapumua.

[Mtandao unakwaruza.]

Bibi: Haloo? Mbona mmenyamaza? Nani analia hapo, mkubwa au mdogo?

Sauti ya binti: [kwa mbali] Mama.

Mpishi: Abee, mwanangu.

Sauti ya binti: Mwambie Bibi naye aseme. Ya kuku.

Mpishi: Anakusikia. Mama, sema, upesi, salio linakwi—

Bibi: Nasema! Daktari, sikia, mwanangu, mimi ndiye bibi yake. Likizo nzima mtoto huyu kwangu hakula. Waliokula ni kuku.