Diski Sita za Waya

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, ng'ambo ya lango la hospitali. Siku hiyo Waya, fundi wa seva wa hospitali, alikuja na macho mekundu. Alikuwa amefunga diski sita mpya za kasi kwa ajili ya picha za wagonjwa, akaziunganisha kwa programu zifanye kazi kama diski moja. Moja ikifa, zilizobaki zikokotoe kilichopotea. Lakini kuandika picha kulikuwa kwa kusuasua. Mkuu wake alishasema: zisipokimbia kufikia jioni, zinarudi za zamani.

— Nimezipima moja moja, akasema Waya. Kila moja ni mshale. Nikiziunganisha, konokono.

— Fahali wawili hawakai zizi moja, akasema Mheshimiwa, kinyozi. Wewe umetia sita!

— Si fahali, akadakia Breki, dereva wa ambulensi. Seva iko ghorofa ya tatu. Mpanda ngazi hushuka. Data zinafika juu zinahema.

— Data hazihemi, Breki, akasema Waya.

— Umezisikiliza? Diski za zamani zilikuwa zinanguruma. Hizi kimya. Mimi bila king'ora nani ananipisha njia? Zifungie king'ora!

Tulicheka. Mama Kahawa, anayetuuzia pale benchini, akacheka mpaka akamwaga kahawa.

— Kwani haraka ya nini? akasema Mheshimiwa. Picha ni picha, itafika tu. Kawia ufike.

— Ya mke wangu ilikawia, nikasema.

Kicheko kikakatika. Mheshimiwa akaanza kufuta kiwembe kilichokuwa safi tayari.

— Samahani, Mwalimu.

— Hamna neno.

— Ndiyo maana sizirudishi zile za zamani, akasema Waya, akitazama lango. Hata nikilala chini ya hiyo seva.

Dada mmoja mwenye koti la chumba cha eksirei, mgeni kwetu, alikuwa amesimama akingoja kikombe chake.

— Samahani kaka. Hiyo hesabu ya kuzilinda diski, anaipiga nani?

— Prosesa, ubongo wa seva. Lakini siyo tatizo, dada yangu. Ina viini thelathini na viwili vya kukokotoa, na kazi ni asilimia tatu tu. Imelala.

— Tatu ni ya kila kiini, au ni wastani?

— Wastani.

— Wodi niliyokuwa kabla ya kuja hapa, zamu moja tulikaa wote tukipiga soga, mwenzetu mmoja anakufa na kazi. Ukichukua wastani, utasema wodi imelala. Kwenu huko, anayekufa na kazi ni nani?

Waya akagawa mia kwa thelathini na mbili kichwani: tatu na ushee, yaani kiini kimoja tu kinachofanya kazi yote. Wiki nzima alikuwa ameziangalia diski.

Waya akaweka kikombe kikiwa kimejaa, akavuka barabara.

— Wewe! Dada wa watu hujamjibu! Breki akapiga kelele.

— Naenda kumtafuta!