Marehemu Agnela Lesian, Mama Mwenye Mgahawa wa Terrat

Wachungaji wetu, wazee wa usharika, wafiwa wenzangu, na nyinyi wateja mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, poleni, na karibuni nyumbani kwa Mzee Yiamat. Mimi ni Lesikar, mdogo wake Lesian ambaye ni mume wa marehemu, na familia imenituma nisome wasifu wake ingawa shule yangu iliishia darasa la saba, basi nikikwama mnivumilie.

Agnela alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kibosho, Kilimanjaro, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Melkizedeki, akabatizwa katika Kanisa Katoliki, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, na mwaka 1988 akaja Arusha kwa shangazi yake, akapata kazi jikoni kwenye hosteli moja ya wanafunzi, ambako kaka yangu alikuwa anapeleka maziwa kila asubuhi, hata siku ambazo ng'ombe hawakutoa ya kutosha.

Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1993, akahamia usharika wetu wa Kilutheri, na Bwana akawajalia watoto watatu, Sironka aliyezaliwa 1994, Hanna 1997, na Elinipa 2003.

Siku ya Jumatatu, tarehe 3 Mei 2004, alifungua mgahawa wake hapa Terrat, kuta za mabanzi ya mbao, paa la mabati ya mtumba, meza moja ndefu na mabenchi mawili, kwa sababu alisema hataki mtu ale peke yake kama anayeumwa. Mnapafahamu. Mlangoni ndoo ya maji na sabuni, ndani redio ya kwaya ikishindana na wanaobishana mpira, harufu ya tangawizi na mkaa, mtori, makande, chapati, na loshoro, ile makande ya maziwa mgando ya Waarusha, ambayo yeye binti wa Kibosho alijifunza kwa mama yetu mpaka Waarusha wenyewe wakanyamaza. Fundi akilalamika, "Mama Sironka, leo nyama imejificha," yeye alijibu, "Imekuona unakuja bila kunawa," na benchi zima linacheka, na fundi anainuka kwenda kunawa. Alikuwa mkali, hilo tusifiche mbele za Mungu, kuna watu humu walishawahi kufukuzwa na mwiko, ila hakuna aliyefukuzwa akiwa na njaa.

Lakini baba yetu, Mzee Yiamat, hakuupenda mgahawa ule. Alisema mtu mwenye boma hali chakula barabarani, tena chakula cha mke wa mwanawe hakiuzwi, watu wanapewa. Wazee wengine nao walikuwa wanaona aibu kuonekana wanakula mbele za watoto, ndipo shemeji akafunga pazia la shuka pale kwenye kona, wazee wakaanza kuingia mmoja mmoja, na mimi ambaye bado sijawa mzee nikawa naingia nao kwa kuogopa baba asinione, Mungu anisamehe. Baba hakuja. Hata shemeji alipomletea chakula nyumbani, baba alikuwa anauliza kwanza, "Hiki ni cha hapa au cha kule?" na kikiwa cha kule mgahawani hakigusi. Tulimshauri shemeji, mimi nikiwa wa kwanza, aseme tu ni cha hapa, nani atajua, akatujibu, "Shem, siku akila kwa uongo atakuwa amekula uongo, mimi nitakuwa sijamlisha." Akaendelea hivyo miaka ishirini na moja, anapeleka, anaulizwa, anasema kweli, anarudi na bakuli lake, na usiku anamwambia kaka, "Baba hajanikubali."

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza matibabu ya kusafishwa damu, na kufikia Februari mwaka huu wa 2025 hakuweza tena kusimama jikoni, Hanna akashika mwiko, yeye akawa anakaa kwenye kiti karibu na mlango, akiwasalimia wateja na kuwasimamia kunawa. Tarehe 17 Julai, saa saba mchana, mabenchi yamejaa, tuliona bodaboda inasimama, na Mzee Yiamat anashuka na fimbo yake, yeye ambaye hajawahi kupanda bodaboda. Watu wote waliinuka na shikamoo. Hanna akataka kumpeleka kwenye kona, mzee akamwambia, "Niache hapa katikati, nataka mama yako anione." Akanawa, akakaa kati ya dereva mmoja na fundi mmoja, akaletewa loshoro, akala yote, akaongezewa, akala, kisha akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mke wa Lesian, chumvi imepungua." Shemeji alicheka huku machozi yanamtoka, akamshika Hanna mkono akasema, "Kumbe ndiyo leo nimeolewa."

Baada ya siku ile hali yake ilishuka taratibu, lakini hakuwa mtu wa huzuni tena, na siku ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa hospitalini na mume wake pembeni, Bwana alimchukua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioteka maji na kupasua kuni tangu Jumanne, usharika kwa maombi, ndugu zetu wa Kibosho waliotupa binti yao na leo wakakubali alale Terrat, na nyinyi wateja, ambao mlikuwa mnaosha sahani wenyewe ili Hanna awahi hospitali.

Na wewe baba, uliyekaa hapo mbele na umesema leo huwezi kuongea, madaktari walimpa dawa, sisi tulimpa maombi, lakini wewe ulimpa kile alichokuwa anakiomba. Asante kwa kula, baba.

Agnela, shemeji yangu, mke wa boma hili, pumzika kwa amani ya Bwana.