Mzee Zefania Mughwai Ashuka Kwenye Injini

Tarehe 30 Juni 1976, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Ndugu Zefania Mughwai, dereva wa treni wa dipo yetu ya Manyoni, atakabidhi taa yake na kitabu chake cha kanuni na kurudi nyumbani Mgori. Mimi niliyeombwa kuandika habari zake katika jarida hili nilikuwa fayamani wake, yaani mtunza moto na maji ya injini, kwa miaka sita. Mengi ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu, na machache niliyafumbia macho kwa hofu.

Mzee alifika Manyoni mwaka 1945 kwa miguu, amebeba kibuyu cha asali ya msitu wa Mgori. Alikuja kuuza asali, akabaki kufuta injini. Asali yenyewe aliila na wenzake wiki ile ile ya kwanza. Mwaka 1951 akawa fayamani, na mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mbichi, akakabidhiwa injini. Mama yake alisafiri kuja kumwona. Alikataa katakata kuikaribia, akauliza kwa mbali ni nani mwingine atakayekuwa akimsaidia mwanawe kulishika lile joka.

Kazini alikuwa mkali wa saa na mpole wa maneno, ila kwenye mlima wa Saranda. Magurudumu yalipoteleza pale, aliisemesha injini Kinyaturu, tena kwa sauti. Mimi mtoto wa mjini sikuambulia kitu. Nilipomuuliza maana yake alinijibu kwamba ni sala. Nilipomuuliza mkewe, Bibi Yustina, alicheka mpaka akakaa chini, akakataa kunitafsiria.

Mwaka 1974, watu walipohamia vijiji vipya kandokando ya reli, mifugo ilianza kugongwa karibu kila wiki. Mzee alitumia siku yake ya mapumziko kuhudhuria mkutano wa kijiji. Hakuhutubia. Aliwaomba wanaume kumi washikane viuno, wakimbie, kisha wa mbele asimame ghafla. Walirundikana wote vumbini, mwenyekiti akiwa chini kabisa. Mzee akawaeleza kwamba treni ni hivyo hivyo, ila yeye anavuta mabehewa ishirini. Tangu siku hiyo hakuna ng'ombe wa kijiji kile aliyekutwa relini.

Katika shamba letu la ushirika, nasema kwa mapenzi, hakuwa shujaa. Mistari yake ya uwele ilinyooka kuliko ya mtu yeyote, lakini palizi aliwaachia wengine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalinong'ona. Faili la Mzee lina doa moja, na siwezi kumuaga huku nikilipita kando.

Njia yetu ni moja, na treni zinazokwenda na zinazorudi hupishana stesheni. Ndiyo maana dereva haondoki bila tokeni, chuma kidogo kilichochongwa majina ya stesheni mbili zinazofuatana. Ukiwa nayo mkononi, njia kati ya stesheni hizo ni yako peke yako. Mzee alikuwa na desturi yake: fayamani akishaipokea asome majina kwa sauti, naye dereva ayarudie, ndipo magurudumu yazunguke.

Agosti 1968, katika stesheni moja ambayo sitaitaja, mfanyakazi wa zamu alichanganyikiwa akaturudishia tokeni ile ile tuliyomkabidhi, ya njia tuliyokwisha kuipita. Tukaondoka bila majina kusomwa. Baada ya kama maili mbili Mzee alishtuka kwamba hajayasikia, akaniamuru nisome. Nilipotamka jina la kwanza tu, mkono wake ulikuwa tayari kwenye breki. Gadi, yaani msimamizi wa treni anayekaa behewa la nyuma, alikimbia mbele na bendera nyekundu na fataki za kutega relini ili kumwonya dereva anayekuja. Treni ya ng'ombe, iliyokuwa ikija kihalali kutoka upande wa pili, ilisimama mbele yake, na sisi kwenye injini tukauona moshi wake. Abiria walishuka kujinyoosha miguu, wakitulalamikia kwa kuwachelewesha.

Faili linasema kwamba dereva Mughwai aliipokea tokeni kwa mkono wake na hakuisoma. Kwa hilo aliondolewa treni za abiria, akawekwa mwaka mmoja na nusu kwenye injini ya kupanga mabehewa. Jina lake likafutwa katika orodha ya watakaokuwa wakufunzi wa madereva, na halikurudishwa. Wapo vijana wanaomwita Mzee Tokeni wakidhani hasikii. Anasikia.

Ndugu zangu, faili limekosea. Tokeni niliipokea mimi. Mkono wangu wa pili ulikuwa umeshika jogoo. Nilikuwa dirishani nikibishana na mama muuza kuku, maana nilitaka kumpelekea shemeji yangu wa Tabora kuku wa Singida. Nikaitundika tokeni bila kuitazama, nikamwambia Mzee tayari, naye akaniamini.

Kwenye uchunguzi aliulizwa ni nani aliyeipokea. Nilifungua mdomo. Alinikanyaga mguu chini ya meza, akajibu: "Dereva ni mimi. Nimeipokea mimi." Mtihani wangu wa udereva ulikuwa wiki mbili mbele, na mke wangu Mwanvua alikuwa mjamzito. Mzee aliyajua yote mawili. Tulipotoka nje nilishindwa hata kumshukuru. Aliniambia tu kwamba jogoo yule ataliwa nyumbani kwake, na nisilete ubishi.

Nilifaulu mtihani, nikanyamaza miaka minane. Tangu Januari mwaka huu mkufunzi wa madereva wa dipo hii ni mimi. Kila ninapowafundisha vijana kusoma tokeni kwa sauti, naona haya.

Wiki iliyopita nilimweleza Mzee nitakayoyaandika hapa. Alinikataza. Nimemtii tangu siku niliyopanda injini yake, lakini hili nimelikataa. Barua yangu ya maelezo ilifika kwa mkuu wa dipo jana, na uamuzi wowote nitaupokea. Mhariri wa jarida hili nimemwomba asikate hata mstari mmoja.

Mzee Mughwai, shikamoo. Kwa niaba ya wafanyakazi wote nakushukuru kwa kutufikisha salama miaka yote hii. Tunakuombea wewe na Bibi Yustina afya njema, mvua za kutosha na mizinga iliyojaa. Nenda Mgori na jina lako safi. Lile doa ni langu.

Amri Kombo
Dipo ya Manyoni