Kibuyu Kilichosuuzwa kwa Ndoo Moja

Ndugu zangu wapishi wa sherehe, mliniita niseme, basi nyamazeni. Mama anayecheka kule nyuma acheke sasa. Akishikwa na tumbo hatacheka.

Asubuhi moja nilitoka kwetu Kiirua bila mpango, kama kawaida yangu tangu niache shule. Siku mbili nyuma nilikuwa nimetapika na kuhara hadi miguu ikakataa. Ugonjwa ukaisha, nikajiona mzima.

Njiani nikapata boma lenye sherehe ya mahari. Wakanipa kazi ya kugawa ucuru, ule uji mchachu. Mgeni akimaliza, nachovya kibuyu kwenye ndoo ya maji baridi, najaza, nampa mwingine. Ndoo moja, kutwa nzima. Na mikono, nawaambia ukweli, nilitoka nayo chooni nikaipangusa kwa suruali.

Nililala hapo, na kesho yake watu walikuwa wanapigania choo. Bibi mzee wa boma alibebwa kwa kiti, macho yameingia ndani. Alipona, lakini hilo nilisikia baadaye. Siku ile wenye boma walinizingira.

"Wewe wa barabara, umetuwekea nini?"

"Hata mimi nilikunywa!"

"Mbona basi huendi chooni, mchawi?"

Nilikuwa nimeshaenda, siku zile kabla ya sherehe. Wakaniachilia mbwa. Nikadandia lori, likanishusha mjini Siakago bado nawatukana.

Lakini swali liliniwasha: kama ni sumu, mbona ilianza na mimi? Nikaingia zahanati, nikamweleza nesi.

"Ulipoacha kutapika, virusi vya kuhara havikuacha kutoka," nesi akasema. "Vinatoka na choo siku nyingi. Wengine wanavibeba bila kuugua. Vinabaki kwenye kibuyu, kwenye mlango, vikingoja."

"Na hao walionifukuza?"

"Sasa wanavyo wao. Watafute mchawi mwingine."

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Yule bibi nilimpa kibuyu kwa mkono wangu.

Kwa hiyo sikilizeni, hata mkinichukia: aliyeharisha asiguse chakula siku mbili tatu baada ya kupona. Sabuni na maji yanayotiririka, si ndoo ya kuchovya. Vyombo, maji moto.

Namshukuru nesi yule. Na mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha, niliyemgongea mlango jioni hiyo nikitafuta chumba.

"Unakimbia nini?" akauliza.

Nikamwambia yote, hata suruali.

Akaitazama mikono yangu. "Chumba kipo. Jikoni kwangu huingii wiki hii. Sabuni ile pale, kwa mfereji."

Ufunguo hakunipa mkononi. Aliuweka juu ya ukuta, akasimama akinitazama nikinawa.